Pishi ya Mfuto na Pishi ya Tele: Nasaha kwa Kijana Aendaye Shamba na kwa Wazee Wake

Katika vipimo vya wazee wetu wa pwani, ambamo vibaba vinne hufanya pishi moja, pishi ilikuwa na hali mbili. Palikuwa na pishi ya mfuto, ambayo mpimaji hupitisha kijiti juu ya mdomo wa chombo hata kilichomo kikawa sawa na ukingo. Na palikuwa na pishi ya tele, ambayo hurundikwa mpaka ikafanya kichuguu na chembe zikaporomoka pembeni. Tofauti ya hizo mbili, mtu aliyekaa kivulini huiona kuwa ni jambo la chembe chache, lakini aliyechuma kutwa nzima huiona kwa jicho jingine. Mimi niliijua nikiwa na umri wa miaka 14, chini ya mkarafuu, kisiwani Pemba; nami naieleza leo kwa sababu kila msimu unapokaribia wazazi wa mjini huniuliza swali lile lile, nalo ni hili: je, yafaa kumpeleka kijana shamba akaonje taabu, au tutamfanya aichukie ardhi maisha yake yote?

Jawabu langu ni kwamba kijana aghlabu haichukii kazi kwa ugumu wake. Katika kazi ya shamba mna machungu ya namna mbili, na asiyeyatenganisha hawezi kutoa ushauri wa maana kwa mtoto wala kwa mzazi. Uchungu wa kwanza ni wa kazi yenyewe: jua, umande, mvua ya ghafla, wadudu, mgongo unaouma na viganja vinavyochubuka. Huo umezaliwa pamoja na kazi, unaweza kupunguzwa kwa maarifa, walakini hauwezi kuondolewa wote. Uchungu wa pili ni ule ambao watu huuongeza juu ya ule wa kwanza, kama tele juu ya pishi: dharau, kipimo cha dhuluma, amri isiyo na maelezo, ahadi isiyotimizwa. Mtu mzima huweza kuyapambanua machungu hayo mawili akayapa kila moja haki yake. Kijana huyameza yote kwa funda moja, na siku ya kuyatapika hulitapika shamba zima.

Mjini Unguja, nilikokulia, karafuu kwetu ilikuwa ni harufu ya magunia bandarini, na chembe mbili tatu ambazo bibi alizitia katika pilau au kuzibana penye jino linaloniuma. Likizo moja baba alinipandisha chomboni, nikashuka Mkoani, na gari la mbao likanipeleka kwa mjomba, katikati ya vilima vya kijani ambavyo kwa mbali vilinipendeza machoni mno. Siku ya pili yake niliamshwa kabla ya alfajiri. Umande uliniloanisha hata magotini kabla hatujaufikia mkarafuu wa kwanza, na nilipoinua mkono kuvuta tawi, maji moto, wale chungu wekundu wanaojenga nyumba zao kwa kuyashona majani mabichi, walinishukia shingoni kana kwamba walikuwa wakiningoja mimi tangu jana. Nililia. Watu waliokuwa mitini walicheka, na mmoja akasema kwamba mtoto wa mjini amekwisha karibishwa.

Mchana ulikuwa wa jua na usiku haukuwa wa mapumziko, kwa kuwa karafuu zilizochumwa kwa vishada zilikuwa lazima zichambuliwe usiku ule ule, chembe upande huu na makonyo upande ule. Tulikaa kwa duara kuizunguka kandili, kila mtu akikisugua kishada juu ya kiganja hata chembe zikakatika. Vidole viligeuka vyeusi, na yale mafuta ambayo bibi yangu aliyasifu kuwa ni dawa ya jino yaliingia katika kila mkwaruzo wa mkono wangu yakachoma kama pilipili. Wiki tatu nilizipitisha hivyo, na nakiri kwamba katika wiki hizo nilijifunza kuvumilia, na hata kujivunia kwamba siku nilizochuma pishi mbili zilifuatiwa na siku nilizochuma nne.

Halafu ilikuja siku ya hesabu. Shamba lile halikuwa la mjomba peke yake, na mwenye sehemu kubwa alikuwa ameweka msimamizi wa kupima na kulipa. Kwa wachumaji watu wazima msimamizi yule alifuta pishi kwa kijiti. Ilipofika zamu yetu sisi vijana, alikiweka kijiti chini, akajaza kwa mikono miwili hata kichuguu kikasimama, akaandika pishi moja. Niliuliza kwa nini. Akaniambia kwamba mtoto hana hesabu, na mjomba, ambaye alikuwa akisikia, alitazama chini. Chungu wale waliniuma wiki tatu nzima na sikuwachukia hata kidogo. Kichuguu kile cha karafuu nilikichukia miaka mingi, na kwa ajili yake niliuchukia mkarafuu, na jembe, na kila aliyenitajia shamba.

Ingekuwa ni ghururi kudhani kwamba kisa hicho ni changu peke yangu au kwamba kilianza siku ile. Mkarafuu, ambao asili yake ni visiwa vya Maluku katika Indonesia ya leo, ulipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na tufani kubwa ya mwaka 1872 ilipoiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba, ambayo ilisalimika, ikawa ndiyo ghala ya zao hilo hata leo. Walakini mikono iliyopanda na kuchuma mashamba yale makubwa ilikuwa ni mikono ya watumwa, chini ya macho ya manokoa, hata hali ya utumwa ilipoondolewa katika sheria mwaka 1897. Watu hutoka katika sheria mapema kuliko wanavyotoka katika tabia. Dharau tunayoiona ikimfuata mtu mwenye jembe, na wepesi wa mkubwa kumpima mdogo kwa tele, si tunda la mti. Ni mabaki ya zama ambazo mchumaji hakuwa na haki ya kuuliza. Kijana akilijua hilo atajua pia mahali pa kuielekeza hasira yake, naye hataitupa kwa mti usio na kosa.

Sasa nasaha zangu za kwanza nazielekeza kwako wewe, kijana, ambaye umeambiwa kwamba likizo hii utakwenda shamba na moyo wako umeingia jitimai.

Jambo la kwanza, ijue kazi kabla ya kuishika. Nusu ya taabu yangu ya siku zile ilikuwa ni ujinga, kwa maana niliamrishwa kuchuma pasipo kuelezwa ninachokichuma. Karafuu ni ua ambalo halijafunuka. Huchumwa pale chembe inapoacha ukijani na kuanza kuingia wekundu, na ikichelewa hata ua likafunuka, thamani yake imepungua. Ndiyo maana msimu hauwezi kuwangoja watu, na ndiyo maana wazee huwa wakali wakati huo kuliko wakati mwingine wowote. Uliza: kwa nini leo na si kesho, kwa nini tawi hili na si lile? Mkubwa mwema atafurahi kuulizwa, na jibu atakalokupa litakupunguzia uzito wa kazi.

Jambo la pili, jitayarishe mwili. Vaa shati la mikono mirefu lenye kubana vifundoni mwa mikono na suruali iliyochomekwa katika soksi, maana nguo inayopwaya ni mlango wa maji moto. Kabla ya kugusa mti, simama chini yake uutazame, na popote utakapoona majani yamekunjwa na kushonwa pamoja kama mfuko, ujue pana watu wa nyumba ile. Anza upande mwingine. Wala usiwaangamize kwa chuki, kwa kuwa chungu hao hao, wakikaa katika mnazi, huulinda na kunguni anayefyonza nazi changa na kuziangusha kabla ya wakati wake. Kula kitu kabla ya kutoka, chukua maji ya kukutosha, na jua linapokuwa la utosi keti kivulini bila ya kuona haya. Mchumaji mzuri hujulikana siku ya ishirini, wala si siku ya kwanza.

Jambo la tatu, usipande. Tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika na wala halitoi onyo. Mti uliokomaa huweza kufika mita 10 au zaidi, na ukiloa mvua huteleza kama samaki. Kila msimu watu wazima wenye uzoefu huanguka, wengine wakavunjika viungo na wengine wasiinuke tena. Wewe fanya kazi ya matawi ya chini kwa ngoe, ukilivuta tawi polepole na kulifunga kwa kamba, na ukumbuke kwamba karafuu huzaa kwenye ncha za vijiti, hivyo kila kijiti utakachokivunja leo umekivunja na mavuno yake ya kesho. Akikuita mtu mwoga, mwachie neno lake, nawe ubaki na mgongo wako.

Jambo la nne, jifunze kuanika, maana hapo ndipo akili hushinda nguvu, na ndipo kijana huweza kumpita mtu mzima. Karafuu mbichi hutandazwa juu ya majamvi, tabaka nyembamba, hugeuzwa mara kwa mara, hukusanywa jua linapotua au wingu linapofunga, na jua likiwa zuri hukauka kwa siku nne au tano. Kilo tatu mbichi hurudi takriban kilo moja kavu. Iliyokauka vizuri huwa na rangi ya kahawia iliyokoza na ukiivunja hukatika kwa mlio. Iliyorundikwa ikiwa na unyevu huchacha, hupauka, na hupoteza bei. Makonyo nayo usiyatupe, kwani yana mafuta, na huko Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachoyakamua. Mtu anayejua kulitazama wingu la saa tisa na kuamua kama majamvi yakunjwe au yaachwe, huyo si kibarua tena, ni mkulima.

Jambo la tano, weka daftari. Kila jioni andika tarehe, pishi ulizochuma, na ujira mliokubaliana, kisha umwonyeshe mpimaji kwa adabu siku ile ile, si siku ya mwisho. Mimi nilikuwa na hoja lakini sikuwa na maandishi, na hoja ya mtoto isiyo na maandishi huitwa utovu wa adabu. Heshima kwa mkubwa haikukatazi kuhesabu; waweza kusema, “Shikamoo, mzee. Naomba tulinganishe hesabu zetu,” na maneno hayo mafupi yana staha na insafu pamoja.

Nimemaliza upande wa kijana. Upande uliobaki ni wetu sisi wakubwa, nao ndio mzito, kwa kuwa uchungu wa pili uko mikononi mwetu.

Methali yetu husema kwamba mchumia juani hulia kivulini, na hakuna mzazi asiyeikariri anapompeleka mwanawe shamba. Methali hii ni ya kweli kwa sharti moja, nalo ni kwamba aliyechuma juani ndiye huyo huyo atakayekula kivulini. Mmoja akichuma na mwingine akala, hiyo haitakuwa methali tena bali itakuwa hadaa, na vijana wana pua kali ya kunusa hadaa kuliko sisi tulivyokuwa. Kwa hiyo, kabla ya siku ya kwanza ya kazi, mwambie kijana bayana: utafanya kazi hii, kwa siku kadhaa, kwa saa hizi, na utapata kiasi hiki. Ikiwa kazi ni ya nyumbani na hakuna ujira, mwambie hivyo pia, na umwonyeshe mahali fedha ya mavuno itakapokwenda: ada ya shule ya dada yake, bati la paa, deni la dukani. Kijana huweza kutoa jasho bure kwa ajili ya jamaa zake kwa moyo mkunjufu; asichoweza ni kutolewa jasho pasipo kujua linamiminika wapi.

La pili, msimpandishe mtoto mtini. Katika jambo hili sitoi rai bali hadhari. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba namba 182 mwaka 1999, wa kukomesha aina mbaya kabisa za kazi za watoto, lilipitisha pamoja nao Pendekezo namba 190, ambalo katika kuhesabu kazi za hatari limezitaja wazi kazi zinazofanywa juu, mahali penye hatari ya kuanguka. Na mtoto, kwa mujibu wa mkataba huo, ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Bei ya karafuu ikipanda, macho yetu nayo hupanda vileleni, tukasahau kwamba mwepesi wa kupanda ndiye mwepesi wa kuanguka. Chini ya mti mna kazi tele za kumkomaza kijana: kuokota, kubeba, kuchambua, kuanika, kugeuza, kupima. Na msimu ukiingia katika siku za shule, shule ndiyo itangulie.

La tatu, tuache kulifanya shamba kuwa adhabu. Mwalimu Julius Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, alitaka kazi ya shamba iwe sehemu ya masomo yenyewe, na wanafunzi washiriki katika kuipanga na wayaone matunda yake. Walakini katika shule si chache jembe liligeuzwa likawa ndugu yake bakora: aliyechelewa akalime, aliyepiga kelele akalime, na mwisho wa yote, nyumbani, baba amwambie aliyefeli mtihani kwamba sasa kazi yake ni kulima. Mtoto aliyelelewa kwa maneno hayo, tukimwambia akiwa na miaka 20 kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa nchi, ataona kwamba ama tulimdanganya wakati ule ama tunamdanganya wakati huu.

La nne, mpeni kijana kitu kilicho chake. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita hivi mpaka minane tangu kupandwa. Kijana wa miaka 14 anayeutia mche ardhini leo kwa mkono wake ataanza kuuchuma akiwa na miaka 20 au 22, wakati ule hasa anaotafuta mtaji wa kuanzia maisha. Mche mmoja ni kitu kidogo katika shamba, lakini jina la mtu juu ya mche hubadili mwendo wake anapokwenda kupalilia. Maji moto watamuuma kama walivyomuuma jana, ila leo watamuuma mwenye mti.

Mjomba wangu aliishi miaka mingi baada ya msimu ule, na hatukupata kuizungumza siku ya hesabu hata mara moja, mpaka jioni moja, akiwa mgonjwa, aliponiambia pasipo kuulizwa kwamba angalisema neno siku ile, lakini naye pia alikuwa akingoja kulipwa. Hapo nilifahamu kwamba tele humwangukia mdogo kwa sababu kila aliye juu yake amekwisha kuangukiwa na ya kwake. Sikumlaumu tena. Nilikubali kukitunza kipande chake cha shamba, mikarafuu kumi na kitu, na kila msimu huja kunisaidia mpwa wangu wa mjini, mwenye umri ule ule niliokuwa nao mimi.

Msimu uliopita, siku ya hesabu, nilimpa yeye kijiti cha kufutia, nami nikashika daftari. Alipima kimya kimya, akifuta kila pishi kwa uangalifu hata ukingo wa chombo ukaonekana wote, akihesabu kwa sauti ili nisikie: moja, mbili, tatu. Ya mwisho haikujaa. Mimi nilikuwa nimekwisha kuiandika kuwa ni pishi nzima, kwa kuwa upungufu wake ulikuwa mdogo na siku ilikuwa imekwisha, lakini yeye alikiinamisha chombo kwenye mwanga, akatazama ndani, akasema, “Hii haijafika, mjomba. Andika vibaba vitatu.”

Nikafuta, nikaandika vibaba vitatu.